Saa Mbili Siyo Saa Nane: Hotuba Juu ya Sindano ya Kuzuia Yai Lisitoke Mapema

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam mbele ya wauguzi, wakunga na wenza wanaotafuta mtoto. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Ndugu mwenyekiti, madaktari, wauguzi na wakunga wenzangu, dada zangu, wadogo zangu, na akina baba mliokubali kufuatana na wake zenu Jumamosi ya leo: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi.

Hii niliyoshika mkononi ni kadi. Mliokaa nyuma hamwezi kuiona, basi niwasomee. Imeandikwa hivi: "Sindano ya pili, kesho, 8:00." Imeishia hapo. Mwandiko ni wangu.

Niliiandika miaka kadhaa iliyopita, Jumatatu, mnamo saa mbili asubuhi, baada ya kumchoma mama mmoja sindano yake ya kwanza ya kuzuia mayai yasitoke kabla ya wakati. Nilimwonyesha pa kuchoma, chini ya kitovu, mbali nacho kidogo. Nikamfungia zilizobaki kwenye mfuko, nikamwambia aendelee mwenyewe nyumbani, muda uleule kila siku. Mama yule alikuwa fundi cherehani. Kusoma anajua, na hesabu zake za mita na inchi hazikosei. Alipofika kwake akaitazama kadi, akaona nane. Kwa Mswahili yeyote nane ni saa nane. Kesho yake akangoja saa nane mchana, na saa nane ikamkuta ndani ya daladala akitoka Kariakoo kununua vitambaa, foleni haisogei. Akachoma saa kumi alasiri, mara tu alipofika nyumbani.

Hesabuni pamoja nami. Kuanzia saa mbili asubuhi ya Jumatatu hadi saa mbili asubuhi ya Jumanne ni saa 24. Mpaka saa nane mchana ni saa 30. Mpaka saa kumi ni saa 32. Na maelekezo ya dawa ile yanasema wazi kwamba kati ya sindano moja na inayofuata zisipite saa 30, kwa sababu zikipita, yai laweza kutoka.

Alhamisi alikuja kwa altrasaundi. Vifuko vikubwa vya mayai tulivyoviona Jumatatu vilikuwa vimesinyaa, na nyuma ya kizazi kulikuwa na maji kidogo. Damu ilipopimwa, projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, ilikuwa imeshapanda. Mayai yalikuwa yametoka yenyewe, yamekwenda zake, hakuna wa kuyafuata. Mzunguko wa matibabu ukafutwa. Hakulia mbele yetu. Aliuliza swali moja tu: "Sista, nilikosea wapi?"

Nikamjibu kwamba hakukosea. Aliyekosea ni mimi, niliyeandika saa ya Kizungu kwenye kadi ya Mswahili. Alikubali kwa heshima, akashukuru, akaenda. Hakurudi tena. Baadaye nikasikia kwamba katika cherehani zake tatu aliuza mbili ili kulipia matibabu yale.

Kwa hiyo nilipoombwa kuzungumza leo juu ya matibabu ya uzazi, niliwaomba waandaaji wanikubalie nizungumzie sindano hii moja tu. Zile zinazokuza mayai kila mtu anazijua, maana matokeo yake yanaonekana: tumbo linajaa, kwenye skrini vifuko vinahesabika. Hii haionyeshi kitu. Kazi yake ni kuhakikisha kitu fulani hakitokei, na binadamu tulivyo, jambo lisilotokea hatulipi uzito. Ndiyo inayosahaulika. Ndiyo inayorukwa mtu akipata msiba.

Mimi nimezaliwa Pemba, na nitaieleza kwa karafuu.

Mtu aliyekulia kwetu anajua kwamba karafuu huchumwa ingali tumba, imenona, imeanza wekundu, lakini haijachanua. Ukiiwahi ikiwa changa, haina mafuta. Ukiichelewa ikachanua, imeharibika, haina bei. Kati ya hapo pana siku chache, na mzee mwenye shamba hukagua mikarafuu yake kila asubuhi kama mtu anayelinda mgonjwa. Basi yai la mwanamke ndani ya kifuko chake nalo liko hivyo. Tunalitaka limepevuka, maana lisilopevuka halirutubiki. Lakini tunalitaka lingali ndani ya kifuko, ambako daktari analifikia kwa sindano huku akiongozwa na altrasaundi. Likishatoka, limezama tumboni, na yai moja ni dogo kuliko nukta mwishoni mwa sentensi. Hakuna daktari wa kulitafuta humo.

Sasa, nani anayelitoa? Katika mwezi wa kawaida ubongo ndio unaopanga. Sehemu yake iitwayo hipothalamasi hutuma homoni ndogo kwenye tezi ya pituitari, iliyoning'inia chini yake na ukubwa wake kama wa punje ya maharage. Pituitari nayo hutoa homoni mbili: FSH, inayokuza kifuko, na LH, inayokipasua. Kifuko kinapokua hutoa estrojeni. Estrojeni ikifika juu na ikakaa juu, ubongo huelewa kwamba yai liko tayari, na pituitari hufungulia LH kwa wingi mara moja. Tangu LH ianze kupanda hadi yai litoke ni takriban saa 36.

Mpango huo ni mzuri kwa yai moja. Lakini mwanamke anayefanya IVF, yaani kurutubishiwa mayai nje ya mwili, tumempa FSH ya kuchoma ili vifuko kumi, pengine zaidi, vikue kwa pamoja. Vifuko kumi vinatoa estrojeni ya vifuko kumi. Ubongo haujui habari za daktari wala za sindano. Unaiona estrojeni imejaa, unasema yai limeiva, unafungulia LH. Wakati huo vifuko vingi bado vina milimita 13 au 14, na sisi tunavitaka vifike 17 au 18. Hapo karafuu inachanua ikiwa bado changa, balaa mbili kwa pamoja.

Waliotutangulia waliliona tatizo hili mapema. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hii, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Watu hudhani mama yake, Lesley, alichomwa madawa mengi. Hapana. Lilitumika yai moja tu la mwezi wake wa kawaida. Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy walikuwa wakipima mkojo wake usiku na mchana kila baada ya saa chache ili waione LH inapoanza kupanda, ndipo waanze kuhesabu saa za kwenda chumba cha upasuaji. Mwili ndio uliopanga zamu, wao wakaufuata. Jean Purdy alikuwa muuguzi. Namtaja kwa makusudi mbele ya wauguzi wenzangu, kwa sababu jina lake lilikaa miaka mingi bila kutajwa pamoja na yale mawili.

Baadaye walipoanza kukuza mayai mengi kwa dawa, mizunguko ipatayo mmoja kati ya mitano ilikuwa inafutwa kwa sababu LH imewahi. Mmoja kati ya watano. Hebu tazameni safu mliyokaa: katika kila wanawake watano, mmoja amechoma siku zote, amelipa, amevumilia, na siku ya mwisho anaambiwa vifuko ni vitupu.

Ufumbuzi ulianzia kwenye vichwa vya nguruwe na kondoo. Wanasayansi wawili waliokuwa wakishindana vikali, Andrew Schally na Roger Guillemin, walikuwa wakisaga hipothalamasi za wanyama wa machinjioni kwa maelfu kwa maelfu, Schally za nguruwe, Guillemin za kondoo, wapate chembe ya ile homoni inayotumwa kwenye pituitari. Mwaka 1971 umbo lake likajulikana: mnyororo wa asidi amino 10 tu. Mwaka 1977 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rosalyn Yalow. Wanakemia wakishaujua mnyororo wanaweza kuuchezea, wakabadilisha pete hii na ile waone mwili unasemaje.

Dawa za kwanza kutokana na kazi hiyo, kama buserelini, ziliiga homoni ile na kuipita nguvu. Kwanza zinaiamsha pituitari itoe LH nyingi, kisha baada ya siku kadhaa pituitari inachoka na kunyamaza. Zilianza kutumika kwenye IVF katika miaka ya 1980, na tatizo la LH kuwahi likapungua sana. Lakini mwanamke ilibidi aanze wiki mbili au zaidi kabla ya kukuza mayai, na katika wiki hizo aonje joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu, kama mama aliyekoma hedhi. Njia hiyo ndefu bado ipo, na kwa wagonjwa fulani bado ndiyo inayofaa.

Sindano ninayoizungumzia ilikuja baadaye, na namna yake ya kufanya kazi ni nyingine kabisa. Haiamshi kitu. Fikirieni kiti kwenye daladala. Amekikalia mtu ambaye hana safari. Hazungumzi, halipi nauli, lakini maadamu amekaa, mwenye safari hapati pa kukaa. Dawa inakaa kwenye viti vya pituitari ambavyo homoni ya ubongo ilipaswa kukaa. Ubongo unatuma ujumbe, ujumbe unafika, viti vimejaa, LH haitoki. Na inaanza kuzuia ndani ya saa chache tu, bila kungoja wiki mbili. Ila baada ya siku moja hivi huyo aliyekaa huanza kushuka. Ndiyo sababu lazima kila siku apande mwingine, na apande kabla viti havijawa wazi. Saa 30 mliyoisikia mwanzo inatoka hapo.

Kuipata hakukuwa rahisi. Zile za awali ziliwavimbisha na kuwawasha watu mno, na kazi ya kuzisafisha ilichukua miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikapatikana mbili zilizokubalika: ganireliksi, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Orgalutran, na setroreliksi, ambayo ni Cetrotide. Ganireliksi iliidhinishwa Marekani mwaka 1999. Kwa hiyo Uganda ilipopata mtoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006, dawa hizi zilikuwa bado changa duniani.

Sasa tuje kwenye matumizi, na hapa nawaomba wenye kalamu waandike.

Sindano za kukuza mayai kwa kawaida huanza siku ya pili au ya tatu ya hedhi. Hii ya kuzuia huongezwa juu yake siku ya tano au ya sita ya kukuza, au daktari atasubiri mpaka kifuko kinachoongoza kifike kama milimita 14. Kuongezwa nimesema, si kubadilishwa. Nimekutana na dada aliyeacha ile ya kwanza akidhani hii imechukua nafasi yake. Ni miligramu 0.25 kila siku, chini ya ngozi ya tumbo au paja, hadi siku ya sindano ya mwisho ya kupevusha, na siku hiyo nayo kwa kawaida imo. Sindano ikishaanza, hairukwi hata siku moja.

Ganireliksi huja ikiwa tayari ndani ya bomba lake. Setroreliksi huja unga na maji kando. Ukishatia maji usitikise kama unayetikisa dawa ya kikohozi. Zungusha taratibu mpaka maji yawe maangavu. Ukiona chembechembe, usichome, piga simu. Hakuna inayotakiwa kugandishwa. Nasisitiza kwa sababu ya joto letu la Dar, ambapo mtu mwenye hofu ya dawa kuharibika huiweka pale juu kabisa, karibu na barafu na samaki. Soma boksi lako, litakuambia kama ni ya kuweka kwenye friji. Friza sipo.

Ngozi pale ulipochoma inaweza kuwa nyekundu, ikawasha, ikavimba kidogo kama umeumwa na siafu. Kwa kawaida hupoa yenyewe siku hiyohiyo. Badilisha upande, leo kulia kesho kushoto. Kichwa kinaweza kuuma. Lakini ukibanwa na kifua, ukavimba uso au midomo, hiyo si ya kungoja asubuhi, ni ya kukimbilia hospitali.

Kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi koridoni: je, haya madawa hayatamaliza mayai yangu nikazeeka mapema? Hapana, dada yangu. Kila mwezi mwili wako mwenyewe huanzisha kundi la vifuko, kimoja kinashinda, vilivyobaki vinakufa bila mtu kujua. FSH huviokoa vile ambavyo vingekufa mwezi huohuo. Na hii ya kuzuia haiongezi yai wala haipunguzi. Inasema "ngojeni" tu.

Lipo jingine ambalo sindano hii imetuletea, na nadhani ni kubwa kuliko urahisi wa siku chache. Kuna wanawake, hasa vijana na wale wenye vifuko vingi vidogo kwenye ovari, ambao wakikuzwa mayai huitika kupita kiasi. Ovari hujaa, maji huvuja tumboni, mkojo hupungua, pumzi hubana, damu huweza kuganda. Ugonjwa huo unaweza kuua. Mara nyingi huchochewa na hCG, ile sindano ya mwisho ya kupevusha, kwa sababu hukaa mwilini siku nyingi. Mwanamke aliyekuwa kwenye ile njia ndefu pituitari yake imechoka, haina namna nyingine ya kupevusha. Lakini aliyezuiwa kwa ganireliksi au setroreliksi, pituitari yake iko macho, ni viti tu vilivyokaliwa. Daktari anaweza kumpa triptorelini, ya ukoo mmoja na buserelini, badala ya hCG. Inakuja kwa nguvu, inamwinua aliyekaa, LH ya mwili wenyewe inatoka kwa muda mfupi, mayai yanapevuka, kisha inashuka. Hatari ya maji kujaa inapungua sana, na mara nyingi viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, hugandishwa, virudishwe mwezi mwingine mwili ukitulia. Mapitio ya Cochrane, yaliyokusanya majaribio mengi, yalionyesha kwamba kutumia sindano hii ya kuzuia badala ya ile njia ndefu hupunguza ugonjwa huo bila tofauti ya maana katika idadi ya watoto wanaozaliwa. Kama una ovari za namna hiyo, muulize daktari wako kabla hujaanza: "Mimi utanipevusha kwa nini?" Una haki ya kujibiwa.

Na bei. Mzunguko mmoja ni mamilioni ya shilingi, na sindano hizi zimo humo. Zipo habari za kutia moyo. Mwaka 2015 Yanping Kuang na wenzake wa Shanghai walichapisha kazi yao ya kuzuia LH kwa vidonge vya medroksiprojesteroni, dawa ya zamani ya familia ya projesteroni, nafuu na ya kumeza. Inafanya kazi. Sharti lake ni kwamba viinitete vyote vigandishwe, maana vidonge hivyo hufanya ukuta wa kizazi usilingane na kiinitete mwezi ule. Kwa hiyo anayetaka kupandikiziwa mwezi huohuo haimfai, na gharama ya kugandisha lazima ihesabiwe. Lakini kwa anayejua tangu mwanzo kwamba atagandisha, ni swali la kuuliza. Msione haya kumuuliza daktari habari ya fedha. Nimeona watu wanaona haya kuuliza bei, hawaoni haya kukopa.

Nimefika kwenye jambo ambalo hasa limenileta.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo la kukosa mtoto katika maisha yake. Mmoja kati ya sita, na kila mmoja wao hapa kwetu anajiona yuko peke yake, kwa sababu ya yale maneno mawili, tasa na mgumba, ambayo mtu akiitwa mara moja hayamtoki. Basi tunaficha. Tunaishi nyumba moja na mama mkwe, mawifi, watoto wa kaka, mpangaji chumba cha uani, na ndani ya nyumba hiyo mwanamke anatakiwa ajichome sindano saa ileile kila siku, huku friji iko sebuleni na funguo anayo mkubwa wa nyumba. Mmoja aliniambia alizifunga sindano zake ndani ya mfuko wa mkate, jamaa wakautupa mfuko. Mwingine alikuwa anachomea chooni, na siku hiyo choo kikawa na foleni ya wageni wa arusi. Mwingine alipata msiba Tanga, akapanda basi usiku, sindano akaziacha nyumbani kwa kuogopa kuulizwa kwenye msiba "unachoma nini?" Alirudi siku ya tatu.

Hao wote walikuwa wanajua umuhimu wake. Niliwaeleza mwenyewe. Siri ndiyo iliyowashinda.

Sisemi mtangaze mtaani. Sitara ni yetu, na mtu ana haki nayo. Nasema kwa siku tano au sita tu za sindano hii, awepo mtu mmoja ndani ya nyumba anayejua. Na huyo wa kwanza ni wewe, baba. Nawaona mmekaa pembeni kama watu waliosindikiza. Wake zenu wanachomwa hata pale ambapo tatizo liko kwenye mbegu za mwanamume, na katika karibu nusu ya wenza wanaokosa mtoto upande wa mwanamume nao umo. Yeye anabeba sindano, wewe beba saa. Weka kengele kwenye simu yako, si yake peke yake. Mama yako akiuliza kilicho ndani ya friji, jibu wewe, kwa adabu: "Mama, ni dawa yangu na mke wangu." Hatauliza mara ya pili. Na kukiwa na msiba, mwenye kukumbuka kupakia sindano ni yule ambaye hajafiwa.

Ukichelewa je? Inatokea. Choma mara ukumbukapo, kisha piga simu kituoni saa hiyohiyo, usingoje miadi. Usichome mbili kwa pamoja kufidia. Na usitufiche. Nakuomba hili kama dada yako. Tukijua mapema tunaweza kupima LH na kuamua jambo. Tukijua mezani, vifuko vikiwa vitupu, hatuna la kufanya.

Wauguzi wenzangu, sasa nasema nanyi.

Acheni kuandika 8:00. Acheni hata kuandika "saa 8". Andikeni kwa maneno: saa mbili usiku. Chini yake chora mwezi au chora jua. Sindano ya kupevusha ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu mayai huvunwa takriban saa 36 baada yake, bila kupisha. Mgonjwa wa kuvunwa Jumatano saa nne asubuhi anachoma Jumatatu saa nne usiku. Ukimwandikia "10:00", mmoja atasoma saa kumi jioni, mwingine saa kumi alfajiri, na wote wawili wamesoma sawasawa.

Na iko hatari nyingine ambayo wenzetu wa bara hamwijui. Kwetu pwani, mtu mzima akisema usiku wa Ijumaa, anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, ule ambao ninyi mnauita Alhamisi usiku. Siku yetu huanza jua linapokuchwa. Ukimwambia bibi wa Kipemba anayemsaidia mjukuu wake "achome usiku wa Ijumaa," atamwamsha Alhamisi. Saa 24 nzima zimepotea, kwa neno ambalo kila mmoja alilisikia sawasawa. Andika: "Alhamisi, baada ya isha, usiku wa kuamkia Ijumaa, saa nne." Kama ni Ijumaa ya kuamkia Jumamosi, andika hivyo. Kisha mwambie mgonjwa akurudishie kwa kinywa chake: utachoma nini, lini, saa ngapi, jua limechwa au halijachwa. Dakika mbili zinatosha. Mimi ningekuwa na dakika mbili hizo Jumatatu ile.

Kadi ya zamani naiweka mfukoni. Natembea nayo kila siku kazini.

Mezani pale karibu na mlango kuna kadi mpya mia tatu. Zina safu ya jua na safu ya mwezi, nafasi ya kuandika saa kwa maneno, mstari wa "kuamkia", na chini namba ya simu ambayo muuguzi wa kituo chenu atajaza mwenyewe, ile inayopokelewa hata usiku. Chukueni mnazohitaji, na mwenye mashine ya fotokopi atoe nyingine, siuzi. Akina baba, nyinyi mchukue ya kwenu tofauti.

Sasa maswali. Dada wa kitenge cha kijani, umenyoosha mkono tangu nilipotaja friji. Anza wewe.